Ndege Iliyochelewa Kufika Kericho

Kogo, nyanya yangu mzaa baba, anakumbuka vizuri ndege za aina moja tu: zile zilizokuja kupigana na mvua ya mawe. Ukidhani anatania, kaa Kericho msimu mmoja. Asubuhi jua linawaka, saa nane wingu jeusi linapanda, na saa tisa mawe yanagonga mabati hadi mnaongea kwa ishara. Yakikoma, majani ya chai yamechanika kama karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walichoka, wakaleta Wamarekani na ndege ndogo zilizokuwa zikizunguka mawinguni na kupuliza kemikali yenye madini ya fedha, ili mawe yasipate kuwa makubwa. Kogo anasema watoto walikuwa wakikimbia nje kuzishangilia. Anasema pia mawe hayakukoma.

Ndege ninayotaka kuisimulia hapa yeye hakuiona, ingawa huenda yenyewe ilimwona. Iliruka juu sana, haikubeba bomu wala kemikali, na kazi yake ilikuwa moja: kupiga picha na kuondoka. Mimi nilijua habari zake kwa njia mbaya, kupitia kesi ya shamba.

Kugo alipofariki, jirani wetu alikuja matangani, akala na sisi, akalia na sisi. Miezi miwili baadaye akasema mistari minne ya chai iliyo upande wa juu wa shamba letu ni yake. Mistari minne! Najua mtu wa Nairobi atacheka. Lakini chai huchumwa mwaka mzima, na ukiipigia hesabu ya miaka ishirini, mistari minne ni karo ya mtu. Kwetu sisi ilikuwa karo yangu. Bonasi ya mwaka ule ilienda kwa wakili, ikaenda kwa nauli, ikaenda kwa ile chai nyingine ambayo haichumwi shambani. Nikarudi nyumbani kusubiri semista moja ipite. Zikapita mbili. Mwaka wa tatu wa chuo sikuumaliza, na hadi leo sijaumaliza.

Siku moja nilimsindikiza baba kwenye ofisi ya ardhi kununua ramani ya eneo letu. Karani alituwekea karatasi kubwa yenye mistari iliyopindapinda na namba za ploti. Nikamuuliza mbona haina vipimo.

"Hii haikupimwa na mtu, kijana," akasema. "Hii imetolewa kwa picha ya ndege."

"Ndege gani?"

"Za kitambo. Za Mzungu."

Baba alitosheka na jibu hilo. Mimi sikutosheka. Mtu aliyeacha chuo ana vitu viwili, muda na bando za usiku, na vyote viwili nilivimalizia kwenye historia ya ndege za upelelezi.

Mzinga wa Fort Jesus

Kama shule yenu iliwapeleka Mombasa, huenda ulipiga picha kando ya mzinga mmoja mkubwa ulioko Fort Jesus. Mzinga huo ulitoka kwenye meli ya kivita ya Ujerumani iliyoitwa Königsberg, na ni kwa ajili ya kuitafuta meli hiyo Waingereza walileta ndege kwenye pwani yetu.

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliishambulia meli ya Waingereza, Pegasus, ilipokuwa Zanzibar ikitengenezwa, ikaizamisha. Kisha ikaingia kwenye delta ya mto Rufiji na kujificha. Delta ile ni mikoko, matope na vijito vinavyogawanyika hadi hujui mto wenyewe ni upi. Kutoka baharini hukuona kitu. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia aliyekuwa Afrika Kusini, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini. Joto la Rufiji likaishinda rejeta ya ndege hiyo, na inasimuliwa kwamba ilibidi itafutwe rejeta ya gari la Ford huko Mombasa. Mwendo wa ndege yenyewe ulikuwa kama wa matatu kwenye barabara ya Narok. Hata hivyo, Novemba 1914, Cutler aliiona meli ikiwa imejikunyata kati ya mikoko. Mwezi uliofuata akaanguka na ndege yake hapo hapo deltani, akatekwa.

Julai 1915 Waingereza walirudi na ndege nyingine, safari hii zikirukia kisiwa cha Mafia. Meli mbili zinazoweza kupita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kurusha makombora bila kumwona adui. Macho yao yalikuwa juu: mwanaanga aliangalia kombora limeanguka wapi, akatuma ishara kwa redio, wapiga mizinga wakasahihisha. Tarehe 11 Julai ndege ya Cull na Arnold ilipigwa, na ikiwa inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi wakatumbukia mtoni. Waliokolewa wote wawili. Siku hiyo Königsberg ikaisha, na Wajerumani wakafungua mizinga yake na kuiburuta nchi kavu kuendelea na vita.

Kwa hivyo tangu mwanzo jambo lilikuwa wazi. Mwenye macho juu ndiye mwenye kupiga shabaha chini. Shida ilikuwa kwamba macho yenyewe yalikwenda polepole, na yaliangushwa kirahisi.

Toa bunduki, ongeza mafuta

Agosti 1939, wiki chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ofisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza, Maurice Longbottom, aliwaandikia wakubwa wake wazo lililoonekana la kichaa. Hadi wakati huo upelelezi ulifanywa na ndege za mabomu, nzito, zenye bunduki za kujilinda. Longbottom akasema bunduki ndiyo inayoiua ndege ya upelelezi, kwa sababu ni mzigo. Chukua ndege ndogo yenye mbio kuliko zote, toa kila silaha, toa hata redio, jaza mafuta mahali pa risasi, ipande juu kabisa. Asipigane na mtu. Akiona adui, akimbie.

Aliyelifanya wazo hilo kuwa kazi ni Sidney Cotton, Mwaustralia mfanyabiashara aliyekuwa tayari ameipiga Ujerumani picha za siri kwa ndege ya abiria yenye kamera zilizofichwa. Alipewa Spitfire mbili. Fundi wakatoa bunduki, wakaziba matundu, wakapiga msasa hadi mwili ukateleza, wakaweka kamera kwenye mabawa. Ndege ikapata mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Tarehe 18 Novemba 1939 Longbottom mwenyewe aliirusha kwa safari ya kwanza, kuelekea mji wa Aachen.

Kutoka hapo kila ndege ya upelelezi ya mbio ilizaliwa na wazo hilo. Mosquito, iliyotengenezwa kwa mbao, ilipiga picha Ulaya nzima bila bunduki hata moja. Spitfire zenyewe ziliendelea kuboreshwa hadi aina ya PR19, ambayo mwaka wa 1952 rubani mmoja aliyetoka Hong Kong aliipandisha zaidi ya kilomita 15 juu. Huko pua ya ndege ya propela haina tena hewa ya kushika.

Niliposoma haya nilikuwa kitandani saa nane usiku, na nilifurahi kama mtoto. Naomba usinihukumu. Mashine iliyovuliwa kila kitu isichohitaji ni kitu kizuri kutazama. Ilinichukua muda kujiuliza vita vilipoisha kamera hizo zilipelekwa wapi.

Eastleigh, kabla ya nguo

Zilikuja kwetu.

Mwaka wa 1946 Uingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni yake, chini ya mwanajeshi mpimaji aliyeitwa Martin Hotine. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kupima Afrika kwa mnyororo na miguu kungechukua vizazi. Jeshi la anga lilikuwa na ndege, kamera na marubani waliobaki bila vita. Mwaka huo huo Kikosi nambari 82 kiliundwa upya kwa kazi ya picha, kikiwa na Spitfire PR19 na zile ndege kubwa za mabomu za Lancaster, safari hii zikiwa zimebeba kamera badala ya mabomu. Kundi moja liliweka kambi Eastleigh, Nairobi. Ndiyo, Eastleigh hiyo hiyo unayoendea nguo na simu. Uwanja wao ndio leo kambi ya jeshi la anga ya Moi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha, si ya mbio. Ndege inashika mstari mnyoofu, kimo kile kile, mwendo ule ule, na kamera inalia kila baada ya sekunde kadhaa. Kila picha lazima irudie karibu asilimia 60 ya picha iliyotangulia, ili ukiziweka mbili chini ya miwani maalumu vilima vinyanyuke mbele ya macho yako kama ngumi. Ukimaliza mstari mmoja unageuka na kurudi na mwingine kando yake, kama mtu anayechuma chai. Wingu dogo likipita chini, mstari umeharibika. Na nchi yetu ni nchi ya mawingu, ndiyo maana chai inaipenda.

Kufikia 1952 kikosi hicho kilikuwa kimepiga picha zaidi ya kilomita za mraba milioni tatu za Afrika, Kenya ikiwemo. Moja ya ndege zake, Lancaster yenye namba PA474, bado inaruka hadi leo. Waingereza huitoa kwenye sherehe, watu wakaangalia juu na kulia wakiikumbuka vita ya Hitler. Hakuna vita aliyoipigana ndege hiyo. Ilitoka kiwandani mwaka wa 1945 ikiwa imechelewa, na kazi yake kubwa jeshini ilikuwa kutupiga picha sisi.

Kamera isiyoona chini ya mwanzi

Kabla ya ramani kukauka wino, ndege za upelelezi zilirudi kwa kazi yake ya zamani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Harvard ndogo na Lincoln kubwa zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na mwaka wa 1954 Eastleigh ikapokea Meteor PR10 za Kikosi nambari 13 kutoka Misri. Hizi zilikuwa ndege za jeti, mwendo zaidi ya kilomita 900 kwa saa, zimetengenezwa kumpiga picha Mrusi na kukimbia kabla hajainua kichwa. Sasa zilikuwa zinatafuta watu waliovaa ngozi na kutembea usiku.

Fikiria mwenyewe. Kutoka kimo kile, kwa mwendo ule, msitu ni zulia. Unaona kilele cha mti, huoni aliyekaa chini yake. Wapiganaji walijifunza kuzima moto ndege zikilia, kutembea penye mwanzi mnene, kutoacha njia. Mabomu yaliua na kujeruhi nyati na ndovu. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Waliomkamata walikuwa askari wa miguu wenye bunduki, si marubani.

Msitu ulikuwa umeifundisha ndege kwamba mwendo wa kasi na kimo cha juu havitoshi. Lakini wenye ndege walikuwa na shughuli nyingine, na somo hilo hawakulisikia.

Dakika tatu na nusu

Kilele cha mbio hizi kila kijana wa michezo ya kompyuta anakijua, ile SR-71 nyeusi. Tarehe 1 Mei 1960 Warusi waliiangusha U-2 ya Gary Powers, ndege ya Marekani iliyoruka juu sana lakini polepole. Wakati huo Marekani ilikuwa tayari imeona kwamba kupanda juu hakutoshi, lazima pia mbio. Kampuni ya Lockheed, chini ya mhandisi Kelly Johnson, ikatengeneza ndege ya titaniamu, na sehemu ya titaniamu hiyo ilinunuliwa kwa hila kutoka Urusi yenyewe, nchi iliyokuwa ikitafutiwa mpelelezi. SR-71 iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964. Ikiwa chini ilivuja mafuta kama jiko bovu, kwa sababu mabati yake yaliachiwa nafasi. Ikishika mwendo ilipata moto, ikatanuka, matundu yakaziba yenyewe.

Tarehe 28 Julai 1976 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa, na hakuna ndege ya jeti yenye rubani iliyoivunja. Kutoka Nairobi hadi Kericho kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 200. Matatu itakuchukua masaa manne au matano, ukiombea lori lisilale Mau Summit. SR-71 ingetumia dakika tatu na nusu. Inasemekana iliweza kufagia kwa kamera zaidi ya kilomita za mraba 250,000 kwa saa. Yaani Kenya nzima, kutoka Lokichoggio hadi Vanga, kwa masaa mawili na kitu. Kazi ambayo kikosi cha Eastleigh kiliigusa tu kwa miaka.

Zilitengenezwa 32. Kumi na mbili ziliharibika kwa ajali, hakuna hata moja iliyoangushwa na adui. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tangu Agosti 1960 Marekani ilikuwa na setilaiti za Corona, zilizopiga picha kutoka nje ya anga na kudondosha filamu kwa mwavuli, ndege ikainyaka hewani. Safari moja tu ya kwanza yenye mafanikio ilileta picha nyingi za Urusi kuliko safari zote za U-2. Setilaiti haichoki, haimwombi mtu ruhusa, haina rubani wa kutekwa. SR-71 ilistaafishwa 1990, ikarudishwa kidogo, kisha ikaisha kabisa. Leo upelelezi wa vita unafanywa na setilaiti, na na droni zinazokwenda polepole kama ile ya Cutler. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zake za kwanza Goma, Desemba 2013. Mwendo umezunguka ukarudi ulipoanzia.

Ploti iliyo juu ya kilima

Sasa turudi kwa karani na karatasi yake.

Wakati wa kuandikisha mashamba ya Waafrika, kuanzia miaka ya 1950, serikali ilitaka haraka. Picha za angani zilikuzwa, mipaka ikafuatishwa kwa kalamu juu ya picha hizo, ikawa ramani ya muda. Ili mipaka ionekane, watu waliambiwa wapande nyua, zikue hadi ndege izione, halafu ndege itarudi kupiga upya. Michongoma yote ile uliyoikuta mashambani, mingine ilipandwa ili ionekane na kamera.

Lakini picha ina ujanja wake. Kilichoko karibu na kamera huonekana kikubwa. Chukua ndege iliyo mita 3,000 juu ya bonde, na kilima kinachonyanyuka mita 200 kutoka bonde hilo. Shamba la ekari kumi lililoko kilimani liko karibu zaidi na kamera, kwa hivyo kwenye picha litaonekana kama la ekari kumi na moja na nusu, ukilipima kwa kipimo cha bonde. Kuna njia ya kusahihisha, inachukua muda na mashine. Ramani za haraka hazikusahihishwa. Kwenye nchi tambarare hilo si kitu. Huku kwetu hakuna nchi tambarare. Jirani yetu yuko juu kwenye mgongo wa kilima, sisi tunateremka kuelekea mtoni. Kamera ilimpendelea bila hata kumjua.

Na ule ua uliokuwa mpakani? Kugo aliung'oa mwenyewe alipopanua chai, apate mstari mmoja zaidi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sheria nayo inajua yote haya. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema waziwazi kwamba ramani inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, na mahakama haitasikiliza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Wakili wetu angetuambia hilo siku ya kwanza, bonasi ingebaki nyumbani. Mwishowe msajili alikuja, wazee wakaja, tukasimama kwenye matope nusu siku. Tukagawana, mistari miwili kwake, miwili kwetu. Jirani akanishika mkono. Tunasalimiana.

Kilichobaki kunikera si jirani. Vuka mto kutoka kwetu uingie kwenye esteti, utakuta bikoni za chuma ardhini. Mashamba ya walowezi na kampuni yalipimwa na watu, kwa vyombo, pembe kwa pembe, na mipaka yake haikadiriwi. Wao walipata mpimaji. Sisi tulipata picha.

Picha iliyochelewa

Mwanzoni nilidhani picha hizo za zamani zingetusaidia, si familia yetu tu, bali watu wote wa huku wanaodai ardhi. Kipsigis na Talai wamekuwa wakidai haki kwa waliofukuzwa kupisha chai. Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubaliana nao mwaka wa 2019. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza mwaka wa 2021. Mwaka wa 2022 walalamishi walifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Na picha za idara ya Hotine zimehifadhiwa vizuri, ziko Edinburgh, Scotland, kwenye hazina ya picha za angani. Nikawaza: si ushahidi ndio huo?

Kisha nikapanga tarehe kwenye karatasi, kama mtoto wa darasa la sita. Ndugu Wright waliruka mara ya kwanza 1903. Msafara wa jeshi uliowaua watu Sotik, na ardhi yao ikaja kuwa ya walowezi, ulikuwa 1905. Kampuni za chai zilipanda Kericho miaka ya 1920. Ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi kwa sheria ya 1934. Kikosi cha Eastleigh kilianza kazi 1946 kwenda mbele.

Unaona shida. Ndege ilipofika, wenye nyumba walishaondolewa. Kamera ilipofunguka ilikuta mistari ya chai imenyooka, nyumba za wafanyakazi zimepangwa, barabara zimechongwa, na ikaandika hivyo kwa uaminifu kabisa. Haikudanganya. Ilipiga picha ya mambo yaliyokwisha, na ramani iliyotoka hapo ikawafanya wanaokuja waone kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Hakuna SR-71 ya kurudi nyuma ya hapo. Kwa miaka ile shahidi aliyebaki ni watu na wanachokumbuka, na watu wanakufa.

Mwaka jana baba na ndugu zake waliamua kugawa shamba, ili kesi nyingine isizaliwe. Mpimaji alikuwa kijana wa rika langu, akaja na droni kwenye mkoba. Ililia kama nyuki, ikapanda, na picha ikatokea kwenye simu yake: paa letu, ng'ombe, mistari yetu miwili iliyopona. Kogo alitoka nje na kiti chake. Akaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Weri," akamwambia mpimaji, "hii kitu inaweza kuangalia ng'ambo?"

Kijana akageuza kamera upande wa esteti. Chai ya huko inaonekana kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.

"Teremka kidogo. Fuata mto. Hapo. Baba yangu alizaliwa hapo."

"Wapi hasa, kogo?"

"Palikuwa na simotwet. Mti mkubwa. Walikuwa wanakutania chini yake."

Kijana akavuta picha karibu, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Nilimwona anatafuta kwa bidii, si kwa adabu tu.

"Hakuna mti, kogo. Ni chai tu."

"Najua ni chai," akasema kogo. Akaendelea kushika simu.

Betri ilikuwa inaisha. Kijana akaishusha droni taratibu, na sisi sote tukarudi nyuma kuipisha itue.